Pointi Zilizo Nje ya Mpindo

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa wembe. Mchoraji Mkuu wa ofisi ile, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe kama la daktari, aliuweka juu ya meza mbele yangu, akatandika kando yake karatasi angavu iliyochorwa kwa wino na mtu mwingine, kisha akanionyesha kwa kidole mahali ambapo mstari ulikuwa umepita mpaka wake. Kazi yangu ilikuwa kuukwangua wino ule pole pole bila kutoboa karatasi. Wiki tatu za kwanza sikufanya jambo lingine.

"Kufuta ni nusu ya kazi," aliniambia nilipothubutu kuuliza nitaanza kuchora lini. "Hiyo nusu nyingine nitakuonyesha ukiacha kutoboa karatasi zangu."

Naitwa Rispa Khasoa. Nilizaliwa Vihiga, na nilipomaliza shule nilikuja Nairobi kukaa na mama yangu mdogo, ambaye mumewe alikuwa amepata nyumba ya baraza la mji pale Woodley. Ofisi yenyewe ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, na madirisha yake yalitazama upande wa River Road. Asubuhi kama hakukuwa na mvua nilitembea kwa miguu, nikifuata Barabara ya Ngong hadi mjini, viatu vya ofisini nikiwa nimevibeba kwenye mfuko. Nayaandika haya kwa sababu vijana niliowaacha kazini wameniomba niwaeleze jinsi tulivyoshughulika na mipindo kabla ya kompyuta na baada ya kompyuta. Nimekubali, ila nimewaambia kwamba habari yangu ya mipindo ina sehemu moja ambayo si ya kujivunia, na sitairuka.

Kazi ya mchoraji ni rahisi kuieleza. Msanifu huwaza jengo, mhandisi hupiga hesabu zake, na mchoraji huyatia yote hayo kwenye mistari ambayo fundi aliye kwenye vumbi anaweza kuisoma bila kumwuliza mtu. Mstari ulionyooka hauna taabu, kwani rula inajua kazi yake. Taabu iko kwenye mpindo. Tao la duara tulichora kwa bikari, lakini mpindo ambao si duara, kwa mfano ukingo wa barabara au paa linaloinama kama mgongo wa ng'ombe, ulitaka akili. Tulikuwa na vibao vya plastiki vilivyokatwa kwa mikunjo ya kila namna. Unaweka pointi zako kwa penseli, unazungusha kibao mpaka ukingo wake uguse pointi tatu au nne, halafu unachora katikati tu na kuacha ncha. Ukichora hadi mwisho, kipande kinachofuata kitaungana nacho kwa pembe, na jicho litaiona pembe hiyo hata kama mkono hauihisi. Kwa mipindo mirefu tulikuwa na kifaa tulichokiita nyoka, waya mnene wa madini ya risasi uliovikwa mpira, ambao ulikaa vile ulivyoupinda.

Mchoraji Mkuu alikuwa na mtindo wa kuinamisha uso mpaka shavu likakaribia kugusa meza, jicho moja limefungwa, akiutazama mpindo kwa urefu wake kama mtu anayepima ubao kwa seremala. Alipoona kasoro hakusema kitu. Aligonga mahali pale kwa kucha mara moja na kwenda zake. Niliogopa mlio wa kucha ile kuliko maneno ya mkubwa mwingine yeyote niliyemfanyia kazi baadaye.

Nilipanda kutoka mnakili hadi mchoraji wa daraja la pili, kisha la kwanza. Niliolewa, nikamzaa binti yangu Frida, nikafiwa na mume nikiwa bado kijana. Mama yangu mdogo na mumewe waliporudi kijijini, nyumba ya Woodley nikaachiwa mimi, na meza ya kuchorea ikawa ndiyo inayotulisha. Halafu kompyuta zikaja. Mwanzo zilikuwa mbili tu, zimewekwa kwenye chumba chenye pazia, nazo zilichora mistari bapa kama ya karatasini. Mchoraji Mkuu alistaafu mwaka huo huo. Wenzangu kadhaa walisema mashine hazitafika mbali, wakabaki na meza zao. Baada ya muda mfupi ofisi ile ilifungwa, na wengi wao hawakupata kazi nyingine ya kuchora.

Mimi nilichukuliwa na ofisi ndogo ya wasanifu kule Muthangari, iliyokuwa ndani ya nyumba ya zamani ya kuishi, sebule ikiwa chumba cha michoro. Mkurugenzi wake alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amesomea ng'ambo na kurudi na imani moja kubwa: kwamba jengo lisichorwe tena bapa bali lijengwe kwanza ndani ya kompyuta, lenye urefu, upana na kimo, ulizunguke na kuingia ndani yake kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nilikuwa nimepita miaka arobaini na mitano. Wenzangu wote pale wangeweza kuwa watoto wangu, na vidole vyao vilikimbia kwenye kibodi kama vya watu wanaopiga kinanda. Mkurugenzi alinifundisha mwenyewe, saa moja kila asubuhi kabla wengine hawajafika, na hakuwahi kunionyesha kwamba amechoka nami.

Mipindo ya kompyuta, alinieleza, ni ya aina tofauti, na anayechanganya aina hizo ni kama anayechanganya chumvi na sukari, kwa macho ni kitu kimoja. Aina ya kwanza ni mpindo wa vipande. Huo kwa kweli si mpindo. Ni mistari midogo iliyonyooka, imeungwa moja baada ya nyingine, nawe ukiwa mbali unadhani imepinda. Ni mwepesi na mashine huupenda, lakini ukisogea karibu unaziona kona. Aina ya pili niliita mpindo wa mikono, kwa sababu kila pointi yake ina mikono miwili ya kushika. Mpindo huu hupita kwenye pointi zako zote, na ukivuta mkono mmoja unaamua utoke kwenye pointi hiyo kwa mwelekeo upi na kwa nguvu kiasi gani. Aina ya tatu vijana waliiita nabsi, kifupi cha jina lake refu la Kiingereza. Hii ndiyo iliyonisumbua zaidi.

"Hizi pointi unazoziona, mpindo hauzipiti," Mkurugenzi aliniambia, akielekeza kalamu kwenye skrini. "Unavutwa nazo tu. Kila moja ina uzito wake. Ukiongeza uzito, mpindo unasogea karibu na pointi hiyo, lakini pointi yenyewe inabaki nje, hewani. Ni ya kuongoza."

Nilimwuliza faida yake ni nini, kama pointi zenyewe ziko hewani. Akanionyesha. Kwa mpindo wa nabsi unaweza kupata duara kamili, jambo ambalo zile aina nyingine mbili hukaribia tu bila kulifikia, na unaweza kutoka kwenye duara hilo kuingia kwenye mpindo mwingine bila jicho kuona kiungo. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu kutafuta kitu hicho kwa kibao cha plastiki. Nikaipenda aina hiyo kuliko nyingine zote, na nikaitumia kila mahali, hata pale ambapo haikuhitajika.

Miaka sita baadaye ofisi yetu ilipata kazi ya kliniki ya watu wanaojifunza kutembea upya, walioumia kwa ajali au kupooza, upande wa Dagoretti. Jengo lilikuwa na ukumbi wa mviringo, na kuuzunguka ukumbi huo kulikuwa na njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, inayopanda hadi ghorofa ya kwanza. Mpindo wa njia ile haukuwa duara. Ulianza kwa upana, ukajikunja kidogo upande wa ua, kisha ukafunguka tena, kwa sababu kiwanja chenyewe kilikuwa na kona mbaya. Mimi ndiye niliyeuchora, na nilijivunia kila sentimita yake. Pande zote mbili ziliwekewa reli ya chuma ya kushikilia.

Kazi ya reli alipewa Mzee Njuguna, fundi wa chuma mwenye karakana nyuma ya soko la Dagoretti, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya machinjioni. Alikuwa mzaliwa wa huko huko, mtu mzima mwenye mabega mapana, na hakusoma michoro ya kompyuta. Aliomba kitu kimoja tu: orodha ya namba zinazosema, kila baada ya hatua, reli iko umbali gani kutoka ukutani. Nikaitayarisha orodha hiyo. Kwenye programu kuna mahali unapobofya na pointi za mpindo zinajiandika zenyewe. Nilibofya, zikajiandika pointi kumi na nane, Mkurugenzi akatia sahihi, ikagongwa muhuri, ikapelekwa.

Baada ya wiki mbili Mhandisi wa mjengo alipiga simu akasema reli haikai. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye mazoea ya kupata mwenye kosa kabla ya kupata kosa. Katikati ya mkunjo, alisema, paipu zilikuwa zinatoka nje ya ukingo wa zege kwa upana wa kiganja, na miguu ya reli ilikuwa inaning'inia bila mahali pa kufungwa. Alikuwa ameshamtoa fundi kwenye mjengo, mbele ya wafanyakazi wote, na kumwambia kwamba kazi ya kubahatisha akaifanyie mageti ya majirani. Mkurugenzi akanituma nikapime ili tuandike ripoti.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilikwenda na utepe wangu na nakala ya orodha, nikapima paipu moja baada ya nyingine. Nilipofika ya tano nilianza kupima kila moja mara mbili. Paipu za Mzee Njuguna zilikuwa sawa na karatasi, namba kwa namba. Hata unywele usingepita kati yake. Nilirudi Muthangari, nikafungua mfano wa jengo kwenye kompyuta na kuiweka orodha juu ya mpindo. Pointi ya kwanza na ya mwisho zilikuwa juu yake. Zile kumi na sita za katikati zilikuwa hewani, nje ya mpindo. Nilikuwa nimempa fundi pointi za kuongoza, akapinda chuma kuzifuata kama nilivyomwandikia.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama papo hapo nikaenda kwa Mkurugenzi. Sikwenda. Nilifunga faili. Nilijiambia nihakikishe kwanza, na nilipohakikisha nikajiambia nisubiri Mkurugenzi atulie, ingawa sijawahi kumwona akiwa hajatulia. Ukweli ni kwamba niliogopa. Frida alikuwa mwaka wa pili chuoni. Ofisini nilikuwa mzee kuliko wote, na nilijua wapo waliokuwa wakijiuliza kimya kimya kama mama huyu anaiweza mashine kweli. Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kichwani niliwaona wakicheka. Niliiona meza yangu ikipewa mtu mwingine. Ripoti nikaiandika kwa lugha ambayo haikumtaja mtu, nikasema kuna tofauti kati ya reli na zege na kwamba chanzo kinachunguzwa. Jumatano ikapita hivyo. Jioni nilimpikia Frida na sikumbuki tulikula nini, na usiku, kama ule wa Jumanne, usingizi haukuja.

Alhamisi asubuhi nilipofika ofisini nilimkuta Mzee Njuguna ameketi kwenye kiti cha wageni, kofia ameiweka gotini, mkononi ana karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Mpokezi alimwambia Mkurugenzi ana mkutano, naye akasema atangoja. Nilipita mbele yake nikaenda mezani kwangu. Baada ya saa moja nilipita tena kwenda kuchukua chai. Alinisalimia, "Habari ya asubuhi, Madam," nami nikaitikia bila kusimama. Nilipokuwa nikimimina chai nilimsikia akimwambia mpokezi, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mimi sikuja kupigana na mtu. Nataka tu mtu mmoja asome hii karatasi na mimi, namba kwa namba. Kama ni mimi nilikosea, anionyeshe ni wapi, niende nyumbani."

Niliiacha chai pale pale. Nilikwenda nikaketi kwenye kiti kilichokuwa kando yake na kumwambia kwamba hatuna haja ya kusoma. Nikamwambia nimezipima paipu zake Jumanne na zote ziko sawa. Namba ndizo mbaya, na aliyeziandika ni mimi. Nilijaribu kumweleza habari ya pointi za kuongoza, nikachora kwa kidole gotini mwangu, pointi hapa, mpindo pale. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia aniwakie, na ningeona afadhali.

"Hiyo paipu ya sita, nilipoipinda, roho yangu ilikataa," alisema. "Ilikuwa inatoka nje kama mtu anatoa kiwiko. Nikamwambia injinia. Akasema nifuate karatasi, karatasi iko na muhuri." Akaikunja ile orodha na kuirudisha kwenye mfuko wake. "Na mimi nikafuata. Miaka yote hii nafanya hii kazi, na nikafuata."

Tuliingia kwa Mkurugenzi pamoja. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akatazama orodha, akatazama saini yake mwenyewe chini ya orodha, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Aligeuka akaangalia kalenda iliyokuwa ukutani, ingawa alijua vizuri ni siku gani.

"Hili kosa la kwanza ni lako na ni langu pia, kwa sababu nilitia sahihi bila kuangalia," alisema. "La pili ni lako peke yako. Huyu mzee ameitwa mwongo siku mbili na wewe ukiwa na karatasi mkononi."

Hakuinua sauti. Mpaka leo nikikumbuka ofisi ile, sauti hiyo ya chini ndiyo ninayoisikia kwanza. Kisha alimgeukia Mzee Njuguna, akamwomba radhi, akamwambia ataandika barua ya kumsafisha na Mhandisi ataipata siku hiyo hiyo. Mzee Njuguna alitikisa kichwa. Alisema barua haitaki, kwani pale kwenye mjengo itasomwa na nani. Alitaka Madam aje aseme mwenyewe, mbele ya wale watu waliomwona akitolewa.

Nikaenda Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Walikuwa kama watu thelathini, waashi, wapaka rangi, vibarua, wamekaa juu ya mawe na mbao na sahani za githeri mapajani. Mhandisi wa mjengo aliwaita wanyamaze. Njiani nilikuwa nimepanga maelezo marefu ya kitaalamu, lakini niliposimama mbele ya nyuso zile niliona hayana kazi.

"Paipu za Mzee Njuguna zilikuwa sawa na karatasi," niliwaambia. "Karatasi ndiyo ilikuwa na makosa, na niliiandika mimi. Nilijua tangu Jumanne, nikanyamaza."

Mwashi mmoja wa mbele akasema, "Sawa, Madam," na kurudia sahani yake, na wengine wakarudia zao. Mhandisi alitazama viatu vyake, kisha akaenda kumpa Mzee Njuguna mkono. Ndivyo ilivyokwisha. Kitu nilichokuwa nimekikimbia kwa siku mbili kilichukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa.

Jumatatu yake nilikwenda karakana ya Dagoretti na orodha mpya. Safari hii niliugawa mpindo wenyewe kwa hatua sawa, nikaandika pointi zilizo juu yake tu, nyingi mara tatu kuliko za kwanza. Mimi nilisoma, yeye alitia alama za chaki sakafuni na kupiga msumari kwenye kila alama. Alipomaliza alichukua ukanda mrefu wa chuma chembamba, akaupitisha kando ya misumari yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kilijipinda chenyewe, laini, bila kona hata moja. Nilipiga magoti nikauinamia, jicho moja nimelifunga. Mzee Njuguna alinieleza kwamba kila kazi yenye mpindo huanza kwa ukanda huo. Chuma kikikataa kupita kwenye msumari fulani bila kutoa nundu, yeye hujua namba hiyo ni mbaya, hata kama imeandikwa na nani. Kwa ile kazi yetu hakuutumia kwa sababu Mhandisi alimharakisha. Alinionyesha hili bila kunisuta, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali anapoweka vifaa.

Reli ilikaa. Kliniki ilipofunguliwa nilimwona mama mmoja aliyekatwa mguu akipanda njia ile kwa gongo moja, mkono wake wa kushoto ukiteleza juu ya reli kutoka chini hadi juu bila kuuinua. Nilisimama kando nikamwangalia mpaka akafika.

Mimi niliondolewa kwenye kazi za kompyuta kwa miezi mitano, nikawekwa kukagua michoro ya wengine. Niliuona ni uamuzi wa haki na bado uliniuma. Walicheka kidogo, ndiyo, kwa wiki moja hivi, halafu wakapata mengine ya kucheka. Niliporudi nilimwomba Mkurugenzi kanuni mbili, na akazikubali: kila orodha inayokwenda kwa fundi iandikwe juu kabisa ni mpindo wa aina gani na pointi ni zipi, za juu yake au za kuongoza, na fundi akisema kitu kinatoka nje kama kiwiko, kazi isimame mpaka aliyechora aende akaone kwa macho. Mzee Njuguna tulifanya naye kazi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki nilikwenda kumzika, na mwanawe alipokuwa akiwatambulisha wageni alinitaja kama yule Madam wa karatasi. Waombolezaji walicheka, nikajua mzee alikuwa ameisimulia habari ile nyumbani, na kwamba hakuisimulia kwa uchungu.

Siku ya kuniaga kazini ilikuwa Ijumaa. Mkurugenzi wa zamani alikuwa ameshaondoka, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mwanamke kijana, mkali wa kazi, niliyemheshimu. Walikata keki, wakanipa saa ya ukutani, wakaniomba nasaha. Badala ya nasaha niliwapa habari ya zile siku mbili, kwa sababu karibu wote waliijua reli na hakuna aliyejua Jumanne na Jumatano. Nilipomaliza nikadhani labda nimewaharibia sherehe.

Nilikuwa nikifungasha vitu vyangu mezani aliponijia Njambi, mchoraji wetu mdogo kuliko wote, msichana wa Woodley kama mimi, aliyezoea kuniita Auntie.

"Auntie, hiyo paa ya nyumba ya mteja wa Muthangari, kuna kitu haiko sawa," alisema. "Faili ilikuwa nzito, nikaugeuza mpindo wote ukakuwa wa vipande ndio iwe nyepesi. Nikasahau kurudisha. Wale watu wa mabati wameshachukua vipimo kutoka kwa hiyo." Alikuwa akiongea akitazama saa yangu ya ukutani. "Nimejua tangu Jumatatu."

Nilimwuliza kama wameshaanza kukata mabati. Alisema wanaanza kesho asubuhi. Aliniuliza kama anaweza kungoja watu waondoke kwanza, maana ni sherehe yangu. Nilimwambia sherehe imekwisha. Nikaiacha saa mezani, tukaenda wote wawili kwa Mkurugenzi mpya, nikamgongea mlango na kukaa kando wakati Njambi akieleza, bila kumsaidia neno hata moja. Mkurugenzi mpya alimwuliza swali lile lile nililoulizwa mimi. Njambi alilijibu. Kisha simu ikapigwa kwa watu wa mabati.

Sasa niko nyumbani Woodley. Frida amejenga Ngong na hunisihi nihamie kwake, lakini nimezoea kuta hizi. Mkono wangu wa kulia una mtetemo kidogo, na mstari nikiuchora kwa penseli unatoka kama uliochorwa ndani ya gari. Hilo halinisumbui sana. Kinachonijia mara nyingi nikiwa nimekaa peke yangu ni kwamba katika kazi yetu kila mpindo unaonekana mzuri kwenye skrini. Skrini haijui chuma wala haijui bega la anayekipinda. Vijana huniuliza aina ipi ya mpindo ni bora, nami huwajibu kwa swali: atakayeutengeneza ni nani, na ana kifaa gani mkononi? Wakinijibu hilo, aina yenyewe huchaguliwa kwa dakika moja. Ya kiufundi niliyokuwa nayo ni hayo, na wanayajua mengi kuliko mimi.

Njambi alinipigia simu wiki mbili baada ya mimi kuondoka. Mabati yalikuwa yamekatwa kwa vipimo vipya na kukaa, naye alikuwa ameondolewa kwenye mradi ule kwa muda, jambo lililomuuma, akasema, lakini si vile alivyodhani. Tuliongea habari za ofisi, za mvua, za maji kukatika Woodley. Tulipokaribia kumaliza akarudi kwenye jambo lake.

"Auntie, ile mara yako," aliniuliza, "usingizi ulirudi lini?"

Nikamwambia ukweli. Alhamisi ile ile, saa mbili usiku, juu ya kochi, na viatu vikiwa bado miguuni.